Neno Nililokuita Pale Bariyerini

Zena,

Sikuulizi hali. Umekwisha kuniambia kwamba mtu anayeuliza "hujambo" huku anaendelea kutembea hataki jibu, na wewe hupendi kutoa jibu likaanguka chini. Basi naanza moja kwa moja. Nina hasira, na nitaandika nikiwa nayo, kwa sababu nikingoja ipoe utakuwa umekwisha kuondoka.

Ni saa tisa alasiri. Nimefunga duka. Mteja mmoja amegonga mara mbili nikamnyamazia mpaka akaenda zake. Wewe uko uani, unatoa vitu sandukuni na kuvirudisha, sasa ni mara ya nne. Mambo ya sweta, dawa na karatasi za safari, mama yako mdogo Fatuma amekuandikia kwa namba, kuanzia moja mpaka kumi na tisa, kama unavyopenda. Sitayarudia. Yangu mimi hayapangiki kwa namba, na nikikuambia kwa mdomo utaangalia ukuta, nami nitakasirika kwamba unaangalia ukuta, ingawa sasa najua hivyo ndivyo unavyosikiliza. Nimechelewa sana kujua, na mazoea hayafi upesi.

Utaisoma hii ukitaka. Usipotaka, usiisome.

Baba yako aliondoka ulipokuwa na miaka mitano. Umewahi kuniuliza sababu, nikakuambia alifuata kazi Uvira. Uongo. Alisimama mlangoni na begi lake akasema, "Kwetu hatuna watu wa namna iyi. Uyu ni wa kwenu." Ulikuwa umekaa sakafuni unapanga vifungo kwa ukubwa, na hukumtazama. Nilikuchukia dakika ile. Sikumchukia yeye, nilikuchukia wewe, kwa sababu hukuinua uso angalau umwone akiondoka. Chuki ile niliifunika haraka kama mtu anavyofunika chungu kinachochemka, ila nawe unajua kwamba chungu kilichofunikwa ndicho kinachomwagika.

Halafu vita vikaja hapa Bujumbura, na siku ile ya mtaa wa Ngagara.

Wewe unaikumbuka kwa hesabu, mimi naikumbuka kwa jasho. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa miaka ile mitaa ilipokuwa inafungwa ghafla, unaamka asubuhi unaambiwa leo hakuna kwenda popote. Tulikuwa tumepeleka gauni la mke wa mfanyakazi mmoja wa serikali, la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake, na kwa sababu nilikuwa nimeahidi nikakataa kuahirisha. Kiburi cha fundi wa nguo. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, bunduki zikaanza kulia upande wa Kamenge. Ukaziba masikio kwa mikono miwili, ukainamisha kichwa, ukaendelea kwenda. Mbele yetu kulikuwa na bariyeri, gogo limelazwa barabarani, na askari wanne.

Mmoja alikuambia usimame. Alisema kwa Kirundi, akarudia kwa Kiswahili. Hukusimama. Nikasikia anaikoki bunduki.

Nilipiga kelele, "Musipige! Uyu mutoto ni kichaa! Ni kichaa, shefu, mutuachie!"

Yule askari alikuwa kijana, hata ndevu zilikuwa hazijajaa. Akanitazama, akakutazama wewe.

"Kichaa? Mbona anatembea kama mutu mwenye anajua kwenye anaenda?"

"Tangu azaliwe ni kichaa, shefu. Asikii, aelewi."

"Basi mupige tuone. Mwenye akili atalia."

Nikavua kiatu changu. Nilikupiga mara tatu, mara mbili mgongoni, mara moja usoni, na ile ya usoni niliipiga kwa nguvu zangu zote kwa sababu niliona kidole chake bado kiko pale pale kwenye bunduki. Hukulia. Ulitoa mikono masikioni, ukakiangalia kiatu, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mia nne na sita." Ulikuwa unahesabu hatua, nami nimekukatiza.

Wakacheka, wote wanne. Yule kijana akasema, "Kweli ni kichaa. Mupite," akashusha bunduki.

Zena, kiatu kile ningekipiga tena hata leo. Usitegemee nikuombe msamaha kwa ajili yake, maana nikikuomba nitakuwa nasema uongo mwingine. Kosa langu halikuwa pale. Kosa langu lilianza asubuhi iliyofuata, nilipofungua duka.

Nilisimulia. Wanawake walijaa mlangoni, nami nikaonyesha jinsi nilivyovua kiatu, jinsi ulivyosema mia nne na sita. Walipiga makofi, wakasema Mama Zena wewe ni simba. Nilikuwa sijasifiwa kwa lolote tangu baba yako aondoke. Nikasimulia tena kesho yake, na kila nilipopata msikilizaji mpya. Wewe ulikuwa nyuma yangu unashona upindo wa sketi, unasikia. Neno likawa rahisi mdomoni. Mwalimu mkuu aliponiita kuniuliza kwa nini hujibu unapoitwa, nikamwambia ana kichaa kidogo, mutuvumilie. Hakutuvumilia, akakutoa, na sikubishana, kwa sababu ningebishana na nini wakati neno nilimpa mimi mwenyewe? Ulipokataa kuwashika mkono wageni, nilisema neno lile. Ulipokaa uani badala ya dukani, nilisema neno lile. Na siku mteja mgeni alipokuuliza unaitwa nani, ulimjibu "Zena Kichaa", kama mtu anayetaja jina la ukoo wake.

Nilicheka. Yule mteja hakucheka. Aliniangalia akaweka kitambaa chake mezani, na hakurudi kuchukua nguo yake, akamtuma mtu. Nilimwona ana maringo.

Sasa nikuambie la Nairobi, ambalo ni baya zaidi.

Mjomba wako Amri alipokuja kututembelea alikuta michoro yako ya kukatia nguo, ile uliyokuwa unachora kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Aliichukua ya koti akaipeleka kwa fundi wa mtaa wa Jabe aliyekuwa hakujui, yule fundi akakata na kushona, na koti likakaa bila kurekebishwa hata mshono mmoja. Amri akarudi ameshika koti, macho yamemtoka. "Dada, mutoto uyu anapotea apa," aliniambia. Alikuwa anakaa Nairobi, akatafuta chuo cha ushonaji, wakatuma fomu. Fomu ile ilikuwa na swali moja karibu na mwisho: je, kuna jambo lolote kuhusu mwanafunzi ambalo chuo kinapaswa kulijua?

Nilikaa na swali lile siku tatu. Nilikuwa nimekuita kichaa miaka minane, mbele ya kila aliyetaka na asiyetaka kusikia, na siku moja tu niliyoulizwa na mtu aliyetaka kukusaidia, niliandika: "Hakuna. Ni binti mtulivu na mtiifu." Niliogopa wasikuchukue. Nilitaka pia, mara moja maishani, kuwa na mtoto ambaye juu yake hakuna la kuandikwa.

Ulikaa wiki tatu. Wasichana wanane chumba kimoja. Kengele kila saa. Mwalimu aliyekuwa akikushika bega kwa nyuma kukuonyesha kazi. Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba kijana wa kibanda cha simu amekuja mbio kuniita, na kwamba Amri alikuwa upande wa pili.

"Amejifungia sitoo tangu jana asubuhi," Amri alisema. "Walivunja mlango. Amejiuma mikono. Dada, mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Chochote! Wao wanasema wangempa chumba chake. Wanasema wangemtoa kwenye kengele. Walikuwa wanauliza tu."

Nikamkatia simu ndugu yangu.

Uliporudi, ulishuka kwenye basi mikono imefungwa bandeji, na maneno yangu ya kwanza kwako yalikuwa, "Umenitia aibu." Hukusema neno kwa miezi minne. Watu wanadhani ulinyamaza kwa sababu ya Nairobi. Mimi na wewe tunajua ulinyamaza kuanzia pale kituoni.

Daktari yule mgeni wa Kamenge nilimwendea kwa sababu ya mikono yako, vidonda vilikuwa havikauki. Alikuwa mwanamke mfupi, Kiswahili chake cha kujifunzia vitabuni. Alikaa nawe muda mrefu kuliko vidonda vilivyohitaji. Hakukuuliza habari. Alikuonyesha shati lake na kukuuliza kwa nini linavuta kwapani, na hapo ndipo nilipoisikia sauti yako tena. Ulimweleza kosa la fundi wake kwa robo saa nzima. Nilikaa pembeni nimekunja mikono, wivu umenijaa. Alipogeuka kwangu akaniambia neno, otisme, usonji kwa Kiswahili chake cha vitabuni, nikamjibu mwanangu hana ugonjwa wa Kizungu.

"Si ugonjwa, mama," alisema. "Ndivyo kichwa chake kinavyofanya kazi. Hakitapona, wala hakihitaji kupona. Kinahitaji watu wasikisukume."

"Na miaka yote iyi nilikuwa nafanya nini?"

Alikuwa mtu mwenye adabu, akarudi kwenye bandeji zako.

Yeye ndiye aliyepata chuo hiki cha Ubelgiji, cha ukataji wa nguo, kinachopokea vijana wa namna yako pamoja na wengine, na kuwawekea mtu wa kuwasaidia masomoni. Nataka ujue kwamba nilimchukia mtu huyo kabla hata hujamwona. Anaitwa Lieve. Barua yake ya kwanza, Fatuma aliisoma hapa dukani akinitafsiria kutoka Kifaransa. Hakuuliza una tatizo gani. Aliuliza unapenda uitweje. Unataka kula na watu au peke yako. Ukizidiwa na makelele unapenda uachwe au ukae na mtu. Na aliuliza unataka taa gani chumbani.

Taa! Nilimwambia Fatuma, "Uyo mwanamuke ana wazimu. Watu wanakufa uku, yeye anauliza taa."

Fatuma akakugeukia wewe. Nawe ukasema, "Si kama ya dukani. Ya dukani inalia."

Nikakuuliza, inalia tangu lini. Ukasema tangu ilipowekwa. Miaka tisa, Zena. Miaka tisa nilikuwa nakuvuta kwa mkono kutoka uani nikikuita mvivu, nikikuita mwenye kiburi usiyetaka kukaa na wateja. Nikakuuliza kwa ukali, mbona hukuniambia?

"Nilikuambia. Ulisema taa ailii."

Ulipotoka nilipanda juu ya meza nikaweka sikio karibu na ile taa ndefu nyeupe. Sikusikia kitu. Nilikaa pale juu kama mjinga, mwanamke mzima, nasikiliza. Kisha nikaichomoa, na sijairudisha, na wateja wakilalamika giza nawaambia wakashone kwingine. Lakini sikukuomba radhi, nilikuwa bado nimemkasirikia Lieve kwa kuuliza kwa barua moja kitu ambacho mimi sikuuliza kwa miaka ishirini na moja. Bado sijampenda. Nitampenda akikutunza. Asipokutunza nitajua la kumwambia, hata kama ni kwa Kifaransa changu kibovu.

Nasikia watu wa huko ni wapole wa sauti. Usidanganyike. Wapumbavu wapo kila mahali, na wa huko watakupumbaza kwa sauti ya chini. Atakayekuita malaika mwogope sawasawa na anayekuita kichaa, wote wawili wamekwisha kuamua bila kukuuliza. Na mtu akikutetea kwa uongo, kama nilivyokutetea mimi, pokea uhai wako, kisha siku hiyo hiyo mtake aufute ule uongo. Usimwachie alale nao. Mimi nililala nao, na uongo ukanizoea.

Dosiye yako, zile fomu tulizokijazia chuo, ndiyo iliyonifundisha hili, na mwalimu alikuwa wewe.

Tulikaa mezani sisi watatu, mimi, wewe na Fatuma ameshika kalamu. Palipoandikwa "mambo yaliyompata mwanafunzi ambayo yanaweza kumrudia", nilimwambia Fatuma aandike: vita. Tu. Vita, kama kila mtu wa Bujumbura.

Ukasema, "Apana. Andika bariyeri."

"Zena, ayo ni ya zamani."

"Andika mama alinipiga na kiatu. Andika mutu akinigusa usoni mi nitaanguka, apana kwa sababu ya kichaa, kwa sababu ya kiatu."

Fatuma akaacha kuandika. Nikakuambia kile ambacho nilikuwa nimejiambia miaka yote: "Nilisema vile ili wasikuue."

Ulikuwa unaangalia ukuta. Ulifikiri kwanza, kama unavyofikiri kabla ya kukata kitambaa.

"Najua," ulisema. "Askari waliondoka. We ukaendelea kusema."

Hakuna mtu aliyewahi kunishtaki vizuri hivyo. Hukupandisha sauti. Ulikuwa unasahihisha kipimo tu. Nikainuka nikaenda jikoni nikafanya kelele na sufuria zisizo na kitu, na niliporudi nikamwambia Fatuma, "Andika kama alivyosema. Yote. Andika ni mimi." Akaandika. Nikatia sahihi yangu chini.

Juma hilo hilo, pale bombani, Mama Safi wa nyumba ya kona alipaza sauti mbele ya foleni yote: "Mama Zena, tunasikia kichaa wako anaenda Ulaya. Uko awana bichaa byao?" Watu wakacheka. Mama Safi hakulitunga neno hilo. Alilipata dukani kwangu, bure, na alikuwa ananirudishia.

Nikaweka ndoo yangu chini. "Ile ilikuwa uongo," nilisema. "Nilidanganya askari, alafu nikadanganya na nyinyi. Mutoto wangu ana akili kupita mi na we tukijumulishwa. Mwenye atamuita ivyo tena, nguo yake asilete kwangu."

"Ee, leo umekuwa mukali."

"Nilikuwa mukali miaka yote. Ukali nilikuwa namupa mutu mwenye akukosa kitu."

Hawakucheka tena, lakini pia hawakuniamini, nikaona nyusoni mwao. Neno la miaka tisa halifutwi kwenye foleni ya maji. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu. Nitalifuta mtu mmoja mmoja, nina muda, na hasira ya kutosha.

Sasa limebaki la kesho.

Asubuhi hii nilikuwa nimetoa kitenge changu kipya, kile cha bluu, ninyooshe cha kuvaa uwanja wa ndege. Ulisimama mlangoni ukaniangalia ninavyopiga pasi, ukasema, "Kesho usikuye."

Nilidhani sikusikia. "Nisikuye wapi?"

"Kwenye ndege. Fatuma tu."

Nilipandwa na hasira. Nilikuambia maneno, unayajua, sitayaandika. Nilikuuliza watu watasema nini, mtoto anakwenda nchi za watu na mama yake yuko nyumbani.

"Watasema," ulijibu. Kisha ukanieleza, taratibu, kwa mara ya pili ulipoona sijaelewa. "Ukikuya utalia. Ukilia utanishika. Ukinishika mi nitaanguka pale mbele ya watu, na ndege itaenda. Nataka kupanda."

Nikachomoa pasi. Kitenge kilikuwa kimeungua alama ndogo karibu na pindo. Nilikaa juu ya kitanda changu, nikakutafutia jibu la kukuumiza, nikalipata, lilikuwa zuri na kali. Nikalimeza. Nadhani ni la kwanza kulimeza tangu uzaliwe.

Kwa hiyo sitakuja. Usinitafute dirishani mwa gari wala kwenye uzio wa uwanja, sitajificha popote. Ukitoka kesho asubuhi sitakushika. Nitasimama upande wa pili wa meza ya kukatia, na meza itakuwa kati yetu. Ukitaka kuniambia kitu, sema ukiangalia ukuta, nitasikia. Usipotaka, nenda.

Mtakapoondoka na Fatuma nitafungua duka saa ile ile ya kila siku. Najua watakuja, na Mama Safi atakuwa wa kwanza, watajifanya wanaleta nguo ya kupunguza. Atakayeniuliza uko wapi nitamwambia yuko shule, kisha nitamwuliza anataka ipunguzwe kiasi gani.

Mama yako,
Mariamu